Star Wars ya 1977 na Haki ya Kuiona Filamu Kama Ilivyokuwa

Mwezi Machi mwaka 1988, George Lucas, mtunzi na mwongozaji wa filamu ya Star Wars, alikwenda Washington kutoa maoni mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani. Seneti ilikuwa ikijadili iwapo nchi hiyo ijiunge na Mkataba wa Berne unaolinda kazi za fasihi na sanaa. Wakati huohuo wasanii wa Hollywood walikuwa wameghadhibishwa na mfanyabiashara Ted Turner, ambaye baada ya kuinunua hazina ya filamu za kampuni ya MGM mwaka 1986 alianza kuzitia rangi, kwa msaada wa kompyuta, filamu za kale zilizopigwa kwa nyeusi na nyeupe. Lucas hakumung'unya maneno. Alisema wanaoziharibu kazi za sanaa kwa ajili ya faida au ubabe ni washenzi. Alionya kwamba haitapita muda mrefu teknolojia itaweza kuziondoa sura za waigizaji na kuweka nyingine mahali pake, kubadili maneno yaliyotamkwa, na hata kuunda negativu mpya itakayodaiwa kuwa ndiyo ya asili. Aliwakumbusha maseneta kwamba filamu ni urithi wa jamii nzima, si mali ya mwenye karatasi za umiliki peke yake.

Ninapofundisha uhakiki wa vyanzo vya historia, huwapa wanafunzi muhtasari wa hoja hizo bila kumtaja msemaji. Wengi hudhani ni mwanaharakati, au mtunza nyaraka aliyechoshwa na wakubwa zake. Ninapolitaja jina, wale wanaozijua filamu zake huangua kicheko, kwa maana kuanzia mwaka 1997 aliyetenda karibu yote yaliyoonywa pale ni yeye mwenyewe.

Ugomvi uliofuata baina yake na mashabiki huhesabiwa na watu wengi makini kuwa upuuzi wa watu wazima waliokataa kuacha midoli yao. Mimi nauona kuwa mmoja wa migogoro ya nyaraka iliyo wazi zaidi katika zama zetu, na naamini kwamba mashabiki, pamoja na kelele zao zote, wamesimama mahali sahihi katika jambo la msingi. Mtunzi ana ruhusa ya kutoa toleo jipya la kazi yake kila apendapo. Kulificha toleo la zamani, ambalo umma ulilipokea, ukalilipia na kulifanya kuwa sehemu ya maisha yake, ni jambo jingine kabisa.

Star Wars ilianza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977. Hata wakati huo, kusema kweli, haikuwa filamu moja. Sauti iliyosikika katika majumba yenye mkanda mpana wa milimita 70 haikulingana na ile ya stereo ya mkanda wa kawaida, na zote mbili zilitofautiana na sauti ya mono iliyochanganywa baadaye kidogo kwa ajili ya majumba madogo. Mwaka 1981 maandishi ya mwanzo yakaongezewa namba ya sehemu na kichwa kidogo ambavyo watazamaji wa 1977 hawakuviona. Kwa hiyo anayedai "ile ya asili" hana budi kujibu kwanza swali ambalo mwanahistoria yeyote angemuuliza: ya asili ipi? Mashabiki makini walilijibu, na majadiliano yao kuhusu sauti ya mono ni ya kina kiasi ambacho ningefurahi kukiona katika tasnifu za uzamili.

Walichowawezesha kufanya hivyo ni kaseti. Kabla ya video za nyumbani, mtazamaji wa kawaida hakuwa na filamu. Alikuwa na kumbukumbu yake tu, na kumbukumbu haiwezi kusimamishwa katikati na kurudishwa nyuma. Kaseti ya VHS ilipoingia sebuleni miaka ya themanini, raia akapata kwa mara ya kwanza nakala yake mwenyewe, ambayo mwenye mali hakuweza kuja kuichukua. Angeweza kuilinganisha na toleo lililofuata. Mwaka 1995 kampuni ilitoa tena kaseti za filamu zote tatu za mwanzo, na matangazo yake yakawaambia wanunuzi kwamba hii ndiyo nafasi yao ya mwisho ya kuzipata zikiwa katika hali yake ya asili. Wengi waliichukulia kauli hiyo kuwa mbinu ya kibiashara. Ilikuwa kweli tupu.

Matoleo Maalumu yaliingia katika majumba ya sinema mwanzoni mwa 1997, kuadhimisha miaka 20. Tusisahau kwamba mashabiki walipanga foleni kwa furaha. Wengi walikuwa hawajawahi kuiona filamu hiyo kwenye kiwambo kikubwa. Walichokutana nacho ni mji wa Mos Eisley uliojazwa wanyama wa kompyuta, mazungumzo ya Han Solo na Jabba yaliyokuwa yameachwa nje mwaka 1977, na badiliko moja dogo la sekunde chache ambalo limeandikiwa maneno mengi kuliko mengine yote. Katika filamu ya 1977, Han Solo, mlanguzi mwenye madeni, ameketi mezani na Greedo, mwindaji aliyetumwa kumkamata au kumuua. Han anachomoa silaha yake chini ya meza na kummaliza. Katika toleo la 1997 Greedo anafyatua kwanza, anamkosa mtu aliye hatua moja mbele yake, kisha Han anajibu.

Wasioijua hadithi hushangaa kwamba jambo hilo linaweza kuwatoa watu machozi. Lakini fikirini maana yake. Han wa 1977 ni mtu asiyeaminika, na ndiyo sababu kurudi kwake mwishoni kumwokoa rafiki yake kuna uzito. Ukimsafisha mwanzoni, umemnyang'anya safari yake. Mashabiki waliiona kasoro hiyo ya kimantiki mara moja, na wakaieleza kwa lugha ambayo mhakiki yeyote wa fasihi angeikubali.

Bado, mabadiliko yenyewe si kiini cha shauri. Kiini ni kwamba katika kuyatengeneza, vipande vya negativu vilitolewa na vipya vikaingizwa mahali pake, na kampuni baadaye ilikiri kwamba negativu hizo zilibadilishwa moja kwa moja. DVD zilipotoka mwaka 2004, toleo la asili halikuwamo. Lucas aliwaeleza waandishi wa habari wakati huo kwamba filamu aliyoikusudia ni Toleo Maalumu, na kwamba ile nyingine kwake haipo tena. Katika DVD hizo, mwishoni mwa Return of the Jedi, sura ya Sebastian Shaw, mwigizaji mzee wa Kiingereza aliyetokea kama roho ya Anakin Skywalker, iliondolewa na kuwekwa ya kijana Hayden Christensen. Shaw alikuwa amefariki mwaka 1994. Hakuulizwa, wala hakuweza kuulizwa. Hilo ndilo lile onyo la mwaka 1988 kuhusu sura za waigizaji, limetimizwa na mwonyaji.

Hapa ndipo hoja ya "ni kazi yake, aifanyie atakalo" inaponishinda kuielewa. Kazi ni ya nani? Filamu ya pili iliongozwa na Irvin Kershner, ya tatu na Richard Marquand, ambaye alifariki mwaka 1987, miaka kumi kabla ya filamu yake kuguswa. Star Wars yenyewe ilitunukiwa Oscar ya uhariri, wakapewa Paul Hirsch, Marcia Lucas na Richard Chew. Ilitunukiwa pia Oscar ya mbinu za picha, kwa kazi ya mafundi waliojenga vyombo vya angani kwa plastiki na gundi, wakavipiga picha kimoja baada ya kingine. Kwa miongo kadhaa mtu aliyetaka kuiona dukani kazi iliyotuzwa, kama mafundi hao walivyoiacha mikononi mwao, katika ubora unaostahili, hakuipata. Wanaharakati wa haki za wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu watakuwa wanatambua harufu ya jambo hilo.

Mwaka 2006 kampuni ilisalimu amri nusu. Ilitoa DVD zenye toleo la asili kama nyongeza, lakini zikiwa zimetokana na nakala zilizoandaliwa mwaka 1993 kwa ajili ya diski kubwa za leza. Kwenye televisheni pana picha ilikaa katikati kama stempu juu ya bahasha, weusi pande zote. Mashabiki waliona wamedhihakiwa, nami siwalaumu. Ni kama mwananchi anayeomba nakala ya hati, akapewa fotokopi ya fotokopi ili asiseme amenyimwa. Kisha zikaja Blu-ray za mwaka 2011, ambamo Darth Vader, aliyekuwa akimtazama mwanawe akiteswa kwa ukimya uliosema yote, sasa anapiga ukelele wa kukataa. Ukimya ule ulikuwa mojawapo ya nyakati bora za filamu ile. Waliuziba.

Mashabiki wenyewe hawana sauti moja. Wapo waliozaliwa miaka ya tisini ambao Toleo Maalumu ndilo filamu ya utoto wao, na kwao huo mji mtupu wa 1977 unaonekana kama jukwaa lisilokamilika. Wana haki ya filamu yao pia, na sijamsikia mtetezi yeyote makini wa toleo la asili akitaka lao lichomwe moto. Wapo vilevile wenye matusi, waliomwandama Lucas kana kwamba aliwaibia mtoto. Hao hawanisaidii kitu katika hoja yangu.

Kwamba mgogoro huu ungeweza kuepukwa inathibitishwa na Blade Runner. Filamu hiyo ya Ridley Scott ilitoka mwaka 1982 ikiwa na masimulizi ya sauti ya Harrison Ford yaliyoongezwa ili watazamaji wasipotee, na mwisho wa furaha uliounganishwa kwa picha za milima zilizobaki kutoka filamu nyingine, The Shining ya Stanley Kubrick. Mwaka 1990 nakala ya majaribio isiyo na mapambo hayo ilionyeshwa Los Angeles karibu kwa bahati tu, na shauku ya watazamaji ikasukuma kutolewa kwa toleo la mwongozaji mwaka 1992. Mwaka 2007 Scott akamaliza toleo lake la mwisho. Lakini katika sanduku la diski la mwaka huo yaliwekwa matoleo matano pamoja: la majaribio, la Marekani la 1982, la kimataifa la 1982, la 1992 na la 2007. Mwongozaji alisema lipi analipenda, kisha akamwachia mtazamaji ushahidi wote. Mashabiki wa Blade Runner bado wanabishana usiku kucha iwapo mhusika mkuu ni binadamu au mashine, na wanabishana wakiwa na nyaraka mezani.

Steven Spielberg naye aliweka matoleo matatu ya Close Encounters of the Third Kind katika toleo la mwaka 2007. Katika E.T. aliteleza: mwaka 2002 alizifuta bunduki mikononi mwa maofisa wa serikali wanaowafukuza watoto na kuweka redio za mkononi. Hata hivyo DVD ilibeba filamu zote mbili, mwenyewe baadaye akajuta hadharani, na Blu-ray ya 2012 ikarudi na bunduki zake. Serikali katika filamu ile ilikuwa na silaha, na ni vema watoto wajue.

Lipo lalamiko jingine la mashabiki ambalo halihusu hadithi bali ngozi ya picha yenyewe. Mkanda wa filamu hunasa mwanga kwa chembe za fedha, na chembe hizo huacha mtetemo mwepesi unaoonekana hasa gizani. Sisi tuliokulia mbele ya televisheni za antena ya nje tunaweza kuudhania kuwa ni chenga, ile theluji ya mawimbi mabovu. Si chenga. Chenga ni uchafu ulioingia njiani. Chembe hizi ndizo picha yenyewe, na ukizipangusa kwa kompyuta unapangusa pia vinyweleo, mikunjo ya uso na nyuzi za nguo. Predator ya mwaka 1987 ilipotolewa upya kwa Blu-ray mwaka 2010, Arnold Schwarzenegger na wenzake walitoka porini wakiwa na nyuso za nta. Mwaka 2024 Aliens na The Abyss za James Cameron zilitolewa kwa diski za 4K baada ya kuchakatwa kwa programu za kisasa, na mabishano yakazuka upya: wengine walifurahia ung'avu, wengine wakaonyesha kwamba nyuso na vitu vimepewa kingo ambazo kamera haikuziona kamwe. Cameron aliwajibu kwa kejeli. Kejeli haikujibu swali la kingo hizo zimetoka wapi.

Swali hilo lilipata jibu zuri mapema zaidi, Ujerumani. Metropolis ya Fritz Lang ilizinduliwa Berlin tarehe 10 Januari 1927, kisha ikakatwa takribani robo nzima na wafanyabiashara waliotaka iwe fupi. Kwa miaka 80 sehemu hizo zilidhaniwa zimepotea, hadi mwaka 2008 ilipotangazwa kwamba nakala karibu kamili ya milimita 16 ilikuwa imelala katika Jumba la Makumbusho ya Sinema la Buenos Aires. Vipande hivyo, vya kama dakika 25, vilikuwa vimechubuka vibaya. Warejeshaji wa mwaka 2010 walivisafisha kadiri ilivyowezekana, kisha wakaviacha na mikwaruzo yake, katika fremu yenye umbo tofauti kidogo. Anayetazama leo anajua, sekunde kwa sekunde, kipi kilitoka wapi.

Uaminifu wa namna hiyo hauhitaji maabara ya Ulaya. Filamu hizi zilipotufikia Afrika Mashariki kwa kaseti zilizonakiliwa mara nyingi mno, mabanda ya video yalikuwa na watu waliozibadili kuliko Lucas alivyowahi kuthubutu. Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, na wale wanaoitwa mavijei nchini Uganda waliweka sauti zao juu ya filamu, wakawapa wahusika majina ya mtaani, wakatania, wakaongeza visa visivyokuwamo. Kizazi changu kiliijua mashine ya The Terminator kupitia midomo ya watu kama hao. Na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyedanganyika. Sauti ya mfasiri ilisikika kuwa ni ya mfasiri, na chini yake Kiingereza kiliendelea kunong'ona. Nyongeza ilijitangaza, ikaacha kilichokuwapo kiendelee kuwapo.

Mashabiki wa Star Wars, waliponyimwa, waliamua kufanya kazi ya makumbusho wenyewe. Mmoja wao, Mcheki anayejulikana kwa jina la Harmy, aliunganisha Blu-ray, DVD za 2006 na vyanzo vingine, fremu kwa fremu, hadi akaijenga upya sura ya filamu za awali. Wengine walitafuta mikanda halisi ya milimita 35 ya mwaka 1977, wakaipitisha kwenye mashine za kuchanganua na kuisafisha kwa mkono. Mradi wao unaitwa 4K77. Kisheria, wanavunja hakimiliki. Nawaandikia watumishi wa umma pia, na sitalipamba jambo hilo. Wengi wao husisitiza kwamba anayetazama kazi yao awe amekwisha kununua diski halali, lakini msisitizo huo si kinga mahakamani. Kwa sheria ya Marekani, Star Wars ya 1977 itakuwa mali ya umma tarehe 1 Januari 2073. Mtoto aliyeiona akiwa na miaka kumi atakuwa na umri wa miaka 106. Sheria iliyotungwa ili kumlinda mtunzi dhidi ya akina Turner haina kifungu kinachomlinda mtazamaji dhidi ya mtunzi, na mwaka ule wa 1988 kikao kizima kilikuwa na nafasi ya kukiwazia.

Kitu kimoja kilitoka katika mjadala wa wakati huo: sheria ya uhifadhi wa filamu ya mwaka 1988, iliyoanzisha Sajili ya Taifa ya Filamu chini ya Maktaba ya Bunge. Filamu 25 za kwanza ziliorodheshwa mwaka 1989, na Star Wars ilikuwa mojawapo. Yaani taifa lilitamka kwamba filamu ya 1977 ni hazina yake, kisha likakaa kimya raia wake walipokosa mahali pa kuinunua.

Kampuni ya Disney ilimnunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 4. Mwezi Novemba 2019 ilipofungua huduma yake ya kutazama filamu kwa intaneti, watazamaji waligundua kwamba Greedo, kabla ya kufa, sasa anatamka neno ambalo halijapata kusikika. Lucas alikuwa amelipenyeza kabla ya kuuza. Halikutangazwa. Waliolitambua walilitambua kwa sababu kabatini mwao mlikuwa na diski za 2011, za 2004, kaseti za 1995. Tazameni sasa idadi ya nyumba zisizo na kabati hilo, ambamo filamu, gazeti, hotuba na hata sheria husomwa kutoka seva ya mtu mwingine, na ambamo neno likibadilishwa usiku, asubuhi hakuna cha kulinganisha nacho.

Mwezi Juni 2025, Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilifungua tamasha lake la mikanda halisi jijini London kwa kuonyesha nakala ya Star Wars ya mwaka 1977, yenye rangi ambazo hazijafifia, iliyokuwa imetunzwa katika ghala lake. Han alifyatua kwanza, na ukumbi, kwa maelezo ya waliokuwamo, ulishangilia. Baadaye mwaka huohuo ikatangazwa kwamba filamu hiyo itarejea katika majumba ya sinema mwaka 2027, kuadhimisha miaka 50. Swali la kwanza la mashabiki halikuwa tarehe wala bei ya tiketi. Waliuliza ni toleo lipi.